Hakuna jeni ya kunusa mabomu

Aprili 2025 kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtambua panya buku aitwaye Ronin. Tangu mwaka 2021 alikuwa amegundua huko Kambodia mabomu 109 ya kutegwa ardhini na mabaki mengine 15 ya silaha za milipuko, idadi ambayo hakuna panya mwingine aliyekuwa ameifikia. Ronin ni wa kwetu: alitoka kwenye kituo cha APOPO, shirika linalofunza panya kunusa mabomu, kilichoko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa hiyo Watanzania walikuwa na haki ya kutamba. Tatizo ni maelezo yaliyoandamana na tambo hizo. Hapa Mwanza, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Kirumba hadi kwa watu wenye shahada zao, nimeyasikia maelezo yaleyale kwa maneno tofauti: kwamba panya hawa wana "jeni ya kunusa mabomu", kwamba jambo hili limo kwenye damu, na kwamba siku wanasayansi wakiichomoa jeni hiyo na kuipandikiza kwingine, hata mbwa koko wa Igoma ataifanya kazi ya Ronin. Waliosoma zaidi huongeza ushahidi. Si imethibitishwa maabara, wanauliza, kwamba jeni za kunusa ndizo zinazounganisha neva za pua na ubongo wa panya? Basi kumbe ubongo umekwisha kuandikwa kabla mnyama hajavuta pumzi ya kwanza.

Ushahidi wanaoutaja ni wa kweli, tena ni miongoni mwa mambo ya kushangaza sana ambayo biolojia imeyafumbua katika miaka thelathini hii. Kilichopinda ni hitimisho. Jeni ya kipokezi cha harufu kweli huamua neva ya panya itatua wapi kwenye ubongo, lakini haifanyi hivyo kwa sababu imebeba ramani. Huipa neva kiwango fulani cha ishara za ndani, na kiwango hicho kina maana pale tu kinapowekwa sambamba na viwango vya neva nyingine. Kuhusu maana ya harufu yenyewe, iwe ya baruti, ya dagaa au ya moshi, jeni hizi karibu zote hazisemi chochote. Hoja zangu ni hizo mbili, na zisipotenganishwa tutaendelea kumsifia Ronin kwa sababu isiyo yake.

Tuanze mwaka 1991. Linda Buck na Richard Axel, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitangaza kwamba wamepata familia kubwa ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, yaani protini zinazokaa kwenye utando wa seli za neva ndani ya pua na kunasa molekuli zinazoingia na hewa. Mwaka 2004 walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ukubwa wa familia hiyo ndio ulioshtua: panya mdogo wa maabara ana takribani jeni 1,100 za aina hii zinazofanya kazi, kati ya jeni zake zote ambazo ni zaidi ya 20,000. Binadamu tunazo kama 400, nyingine zetu zimekufa zikabaki magofu. Kwa panya hakuna familia nyingine ya jeni iliyo kubwa kiasi hicho. Halafu ikaja kuonekana kwamba kila seli ya neva ya pua huchagua jeni moja tu kati ya hizo zote, tena nakala moja tu, ya mama au ya baba, na kuzifunga zilizobaki. Ndani ya eneo lake la pua, uchaguzi huo ni wa bahati nasibu. Wapo waliodhani seli hukata na kuunga upya vinasaba vyake kama zinavyofanya seli za kinga, na njia waliyotumia kulimaliza swali hilo mwaka 2004 bado inanifurahisha: walichukua kiini cha neva ya pua iliyokomaa, wakakitumia kuzalisha panya mzima, na panya huyo akawa na neva za vipokezi vya kila aina. Hakuna kilichokuwa kimekatwa.

Sasa fikiria taabu inayotokana na mpango huo. Neva zilizochagua kipokezi kimoja zimetapakaa ovyo kwenye ngozi ya ndani ya pua, zimechanganyika na zilizochagua vipokezi vingine. Kila moja hutoa mkia mrefu, aksoni, unaopenya kwenye mfupa wenye matundu chini ya ubongo na kuingia kwenye tunguu la kunusia, sehemu ya mbele kabisa ya ubongo. Mwaka 1996 Peter Mombaerts na wenzake katika maabara ya Axel walitengeneza panya ambao neva zao zenye kipokezi kiitwacho P2, na hizo tu, zilijitokeza kwa rangi ya buluu. Ilionekana maelfu ya aksoni zikitoka kila upande wa pua na kukusanyika kwenye vifundo viwili tu katika kila tunguu, kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje. Vifundo hivyo huitwa glomeruli. Ukichukua panya mwingine, na mwingine tena, utavikuta karibu mahali palepale. Ubongo wa panya, kwa hiyo, una ramani ya vipokezi: harufu ikiingia, huwasha glomeruli fulani na kuacha nyingine gizani, na mpangilio huo ndio taarifa ya kwanza inayopelekwa mbele.

Hapo ndipo wanaoamini kwamba ubongo umeandikwa kwenye jeni wanapopata nguvu zao, na sitaki kuwanyima. Ukiing'oa jeni ya P2 na kuweka ya kipokezi kingine mahali pake, aksoni za buluu huacha kwenda kwenye vifundo vya P2 na kukusanyika mahali papya. Baadaye ikaonekana kwamba hata kubadili asidi amino (vipande vinavyounda protini) chache tu za kipokezi kunaweza kutosha kuzitenga aksoni zikaunda kifundo chao wenyewe. Kwenye jicho mambo hayaendi hivyo. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba panya waliowekewa jeni ya binadamu ya protini ya jicho inayonasa mwanga wa upande wa wekundu waliweza kutofautisha rangi ambazo panya wa kawaida hawezi. Protini mpya ilifanya kazi kwenye nyaya zilezile za zamani. Sisi wa kanda ya ziwa tunao mfano wa karibu. Samaki aina ya furu wa visiwa vya ghuba ya Mwanza, akiwemo yule mwekundu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, *Pundamilia nyererei*, wanatofautiana na ndugu zao wa buluu katika jeni ya protini ya jicho, kulingana na mwanga unaofika kwenye kina wanachoishi. Jeni hiyo huhusishwa na rangi ambazo samaki huziona vizuri, na kupitia hapo nani anamvutia nani. Hakuna anayedai kwamba inaelekeza neva zao. Puani mwa panya, protini inayonasa harufu ndiyo hiyohiyo inayohusika kuiongoza neva ifike kwake. Kazi mbili, jeni moja.

Lakini jaribio la kubadilisha vipokezi lina sehemu ambayo wapenzi wa jeni huiruka. Neva za P2 zilipopewa kipokezi kingine kiitwacho M12, hazikwenda kwenye vifundo vya P2, na wala hazikufika kwenye vifundo vya M12. Zilitua pengine. Kama jeni ingekuwa imebeba anwani ya mahali, kubadilisha jeni kungetosha kubadilisha anwani. Jaribio la pili linaniridhisha zaidi. Mwaka 2004 kundi la Mombaerts liliweka kwenye neva za pua kipokezi cha adrenalini, kile ambacho kwenye mwili huhusika na mambo kama kutanua njia za hewa kwenye mapafu. Kipokezi hicho si cha familia ya harufu. Neva zilizokipata zilikusanya aksoni zao na kuunda glomeruli zake. Tujiulize hapo: jeni ya kipokezi cha adrenalini ilipata wapi ramani ya tunguu la kunusia? Haikuipata popote, kwa sababu haihitajiki. Kinachohitajika ni protini inayoweza kufanya jambo ambalo vipokezi vya harufu na vya adrenalini vyote hufanya, nalo ni kuwasha ishara ndani ya seli.

Ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, maabara ya Hitoshi Sakano, walioonyesha ishara hiyo inavyofanya kazi. Mwaka 2006 Takeshi Imai na wenzake walitumia kipokezi kilichoharibiwa kwa makusudi kisiweze kuigusa protini G, mjumbe wake wa ndani. Aksoni zikabaki sehemu ya mbele ya tunguu na hazikukusanyika. Walipoiwasha ishara kwa njia nyingine, bila kupitia kwenye kipokezi, zikakusanyika tena. Kipokezi, kumbe, huamua kiasi cha molekuli iitwayo cAMP ndani ya neva, na kiasi hicho huamua neva itatengeneza wingi gani wa protini za kuongozea kama nyuropilini-1. Zenye nyingi huelekea nyuma ya tunguu, zenye chache hubaki mbele. Mwelekeo wa juu na chini hupangwa kwa njia nyingine, inayotegemea zaidi mahali neva ilipokaa puani. Mwaka 2009 maabara hiyohiyo ikaonyesha kwamba aksoni huanza kujipanga zikiwa bado njiani, ndani ya fungu lao, kabla hazijaligusa tunguu: zenye nyuropilini nyingi husukumwa na semaforini, protini inayotolewa na wenzao waliomo kwenye fungu hilohilo. Anayelijua soko la Mwaloni la Kirumba ameshaliona jambo hili. Boti la dagaa likitoka visiwani limebeba magunia ya wafanyabiashara wengi, na kila gunia lina alama ya mwenyewe. Alama hiyo haisemi gunia litawekwa kona ipi ya soko; inasema tu kwamba hili linafanana na lile na halifanani na hili jingine. Wapakuzi wakishayapanga kwa alama, marundo hujitokeza yenyewe, na ukiongeza mfanyabiashara mmoja mpya mwenye alama yake, naye atapata rundo lake bila mtu kuchora upya mpango wa soko. Kipokezi cha adrenalini kilikuwa mfanyabiashara mpya.

Mpango huu una ubana matumizi ambao mhasibu yeyote angeupenda. Laiti kila moja ya aina 1,100 za neva ingehitaji jeni ya pekee ya kuiongoza, panya angehitaji jeni nyingine 1,100 za kuelekeza, na jeni za kuhakikisha kila kielekezi kinaendana na kipokezi chake, na kadhalika bila mwisho. Kwa kutumia kipokezi chenyewe kama kitambulisho, jeni mpya ya harufu ikizuka kwa bahati katika vizazi, neva zake zitajitenga na kupata kifundo chao. Nadhani hii ndiyo sababu familia hii iliweza kukua hadi kufikia jeni elfu moja na zaidi bila ubongo kuvurugika.

Upande wa pili wa ubishi wapo wanaosema jeni ni malighafi tu na pua hufundishwa na maisha. Hawa wanapendeza kuwasikiliza, hasa ukiwa unataka kuwatia moyo wanafunzi, lakini kwenye jambo la nyaya ushahidi hauwaungi mkono kwa kiwango wanachotaka. Ramani ya msingi huanza kuchorwa kabla panya hajazaliwa. Mwaka 2000 panya walioharibiwa njia kuu ya umeme inayotumiwa na harufu kuziwasha neva walichunguzwa: aksoni za P2 zilifika kwao kama kawaida, ingawa za kipokezi kingine, M72, zilipotea njia. Mwaka 2013 maabara ya Sakano ikaeleza kwa nini harufu haihitajiki katika hatua ya mwanzo. Vipokezi vya aina hii havitulii hata pasipokuwa na kitu cha kunasa. Umbo lao hucheza, na kila mara likicheza upande fulani huwasha ishara kidogo. Kila kipokezi kina kiwango chake cha kucheza, na kiwango hicho ndicho kinachoiweka neva mbele au nyuma. Kwa maneno mengine, kipokezi hufanya kazi ya kuelekeza neva kikiwa hakijanusa chochote.

Hata hivyo umeme wa neva haukosi nafasi. Katika hatua ya pili, ya kuzitenganisha neva jirani zisiingiliane, shughuli ya umeme ya kila neva hupanga kiasi cha protini za kushikamana kama Kirrel2 na Kirrel3, na za kufukuzana kama efrini. Zinazofanana hushikana, zisizofanana huachana. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba si wingi wa mipigo ya umeme tu unaohesabika. Mdundo wake pia hutofautiana kwa kipokezi, na midundo tofauti huamsha jeni tofauti za kuelekeza. Mwaka 2022 maabara ya Stavros Lomvardas, Columbia, ikaongeza jambo ambalo sidhani kuna aliyelitegemea: protini ya kipokezi inapokuwa bado inakunjwa ndani ya seli, huisumbua mitambo ya kukunjia protini kwa kiwango kinachotegemea mpangilio wa asidi amino zake, na kiwango hicho cha usumbufu nacho husaidia kuipangia neva protini zake za safari. Kwa hiyo hatuna njia moja bali kadhaa, zinazosaidiana, na zote zinaanzia kwenye kipokezi bila yoyote kuwa ramani. Sioni haja ya kuchagua kambi hapa. Jeni ndiyo chanzo cha tofauti kati ya neva na neva. Mahali panapatikana kwa neva kukabiliana na neva.

Kuna kitu kingine kinachozipunguza makali kambi zote mbili, nacho ni muda. Mwaka 2014 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba mfumo huu una dirisha. Ramani ya panya ikivurugwa mapema na kisababishi kikaondolewa ndani ya takribani wiki ya kwanza baada ya kuzaliwa, hujirekebisha. Kikiachwa hadi dirisha lifungwe, kosa hubaki, kwa sababu aksoni zinazoota baadaye hufuata zilizotangulia, ziwe zimekosea au la. Jeni ni zilezile kabla na baada ya wiki hiyo. Matokeo si yaleyale.

Sasa turudi kwa hoja ambayo ni dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayosikika zaidi: kwamba ipo jeni ya harufu fulani, na kwa Ronin ni ya baruti. Tangu mwaka 1999, kazi ya Buck na wenzake wa Japani ilipotoka, inajulikana kwamba kipokezi kimoja huitikia harufu kadhaa, na harufu moja huamsha vipokezi kadhaa. Utambulisho wa harufu umo kwenye mkusanyiko, haumo kwenye jeni moja. Ukitaka "jeni ya baruti" itabidi uchukue orodha ya jeni, na kila jeni kwenye orodha hiyo utaikuta pia kwenye orodha za vitu visivyohusiana na vita hata kidogo.

Hoja hiyo huanguka mara ya pili ukifuata neva inakokwenda baada ya tunguu. Ramani iliyopangwa kwa uangalifu wote niliousimulia hutawanyika kwenye kituo kinachofuata, gamba la ubongo liitwalo pirifomu. Tafiti kadhaa za mwaka 2011 zilionyesha kwamba nyuzi kutoka kwenye glomeruli moja husambaa huku na huko kwenye gamba hilo bila mpangilio unaoonekana. Mwaka huohuo maabara ya Axel ilifanya jaribio ambalo, kama mtu ana muda wa kusoma jaribio moja tu, ningemwelekeza hilo. Walichukua kundi la neva za pirifomu bila kuchagua, wakaliwasha kwa mwanga huku panya akipewa adhabu ndogo, naye akajifunza kulikimbia. Kundi likiwashwa pamoja na zawadi, panya hujifunza kuitarajia zawadi hiyo. Hapakuwa na harufu yoyote. Neva zilizookotwa ovyo zilipewa maana na mafunzo, na maana hiyo ingeweza kuwa kinyume chake.

Haki itendeke kwa upande wa jeni: zipo harufu chache ambazo panya huzaliwa akiziogopa, kama za wanyama wanaomla. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba ukiondoa kipokezi kimoja cha familia nyingine ndogo, TAAR4, panya huacha kukwepa harufu ya mikojo ya wanyama wala nyama. Hapo jeni moja na tabia moja zinakaribiana sana, na anayekana hilo anabishana na ushahidi. Lakini simba na paka wamekuwa wakiwala panya kwa mamilioni ya miaka. Mabomu ya ardhini yana umri wa babu zetu. Hakuna panya buku ambaye ukoo wake ulisalimika kwa kuijua baruti. Alichonacho Ronin ni pua yenye vipokezi vingi, tunguu lililojipanga vizuri, na kisha takribani miezi tisa ya mafunzo ya Morogoro, ambako mlio mdogo wa kifaa humwambia kwamba amepatia na kipande cha ndizi au chakula kingine kinafuata. Ndugu zake wanaofunzwa kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu ni wa aina ileile, hutoka kituo kilekile, na wana jeni za aina ileile. Wametofautiana darasani. Sifa tunazozimimina kwenye damu ya panya zingewafaa zaidi wakufunzi, vijana wa Kitanzania ambao hakuna kitabu cha rekodi kilichowataja.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni la mtu anayesema panya ni panya, tuache kuhamisha mambo. Karibu kila kitu nilichokieleza kimetoka kwa panya mdogo wa maabara, ambaye hata panya buku si ndugu yake wa karibu. Kwa binadamu hesabu imekataa: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulihesabu glomeruli kwenye matunguu ya maiti ukapata wastani wa kama 5,500 kwa kila tunguu, wakati kanuni ya panya ya vifundo viwili kwa kipokezi ingetupa chini ya 1,000. Kwa wadudu ndiyo kabisa. Vipokezi vyao vya harufu ni familia nyingine isiyo na undugu na yetu, na kwa nzi wa matunda ukiondoa kipokezi, neva yake bado hufika ilikotakiwa kufika. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba mbu *Aedes aegypti*, msambazaji wa dengi, huweka vipokezi vya aina kadhaa kwenye neva moja, kinyume na ile sheria ya neva moja kipokezi kimoja. Kwa sisi tunaolala ndani ya vyandarua pembezoni mwa ziwa hili, hilo si la kitabuni tu. Anayetaka kumpoteza mbu njia kwa kuharibu kipokezi kimoja, kwa kufuata kitabu cha panya, anaweza kukuta mbu bado anamwona mtu kwa vipokezi vingine vilivyomo kwenye neva hiyohiyo. Pingamizi hili basi linaniongezea hoja: kama jeni za kunusa zingekuwa na ramani ndani yake, tungetegemea zifanye kazi ileile kila zinapoonekana. Hazifanyi.

Yanayofuata kutoka hapa yanagusa fedha na yanagusa wagonjwa. Kwenye fedha nitakuwa mfupi: mtu akija na mpango wa kupima jeni za panya ili kuchagua "mabingwa" wakiwa wachanga, aulizwe kwanza atapima jeni ipi kati ya hizo elfu, na ataipimaje maana ambayo mnyama hajafundishwa. Shilingi hiyo ikienda kwenye mabanda, chakula na mishahara ya wakufunzi italeta matokeo mapema zaidi.

Kwa wagonjwa jambo ni zito. Neva za pua ni miongoni mwa neva chache zinazozaliwa upya maisha yote, na habari hiyo huwapa matumaini watu waliopoteza uwezo wa kunusa. Matumaini hayo yanapaswa kutofautishwa kulingana na kilichoharibika. Kwenye UVIKO-19, tafiti za mwaka 2020 zilionyesha kwamba mlango ambao kirusi hutumia kuingia uko kwenye seli zinazozihudumia neva, si kwenye neva zenyewe, na mwaka 2022 ikaonekana kwamba vurugu hiyo huzifanya neva zipunguze kutengeneza vipokezi vyao. Nyaya nyingi zinaweza kuwa bado zipo. Kijana wa bodaboda aliyeanguka bila kofia ngumu akapiga kisogo ana hali nyingine: ubongo unapotikisika, aksoni zinaweza kukatika palepale zinapopita kwenye mfupa wenye matundu. Neva mpya zitaota kutoka puani, lakini kwa panya waliokatwa neva hiyo aksoni zinazorudi mara nyingi hutua mahali pasipo pao, na dirisha la wiki ya kwanza lilishafungwa zamani. Kuota peke yake hakutoshi. Lazima zifike, tena zifike kwa mpangilio.

Hilo ndilo ningependa daktari amweleze mgonjwa anayerudi kliniki akilalamika kwamba anaanza kunusa tena lakini kahawa inanuka kama kitu kilichoungua. Yapo mazoezi ya kunusa yaliyochapishwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 2009 ambayo hayana gharama ya maana: waridi, limau, mkaratusi na karafuu, kila kimoja kwa sekunde chache, asubuhi na jioni, kwa majuma 12. Karafuu tunazo, mikaratusi imejaa vilima vya huku, limau lipo kila genge. Yaliwasaidia baadhi ya wagonjwa, si wote. Kwa kadiri ninavyouelewa mfumo huu, sitarajii mazoezi hayo yaweze kuzirudisha aksoni kwenye vifundo vyake vya zamani. Kinachowezekana ni ubongo kujifunza kusoma upya mpangilio uliovurugika, kama pirifomu ya panya ilivyojifunza kulipa maana kundi la neva lililookotwa bila kuchaguliwa. Mgonjwa akiambiwa hivyo mapema, hatayaacha mazoezi juma la pili kwa kudhani kwamba harufu iliyopinda ni dalili ya kushindwa.